Jani Lililokunjwa Halipunguzi Gunia

Mpunga ukifikisha wiki tatu au nne tangu kupandikizwa, jaruba lililokuwa kijani kitupu huweza kuanza kuonyesha michirizi myeupe. Mwenye shamba akiinama na kushika jani moja, atakuta limekunjwa kwa urefu wake, kingo zote mbili zimeshonwa pamoja kwa nyuzi, na upande wa ndani umekwanguliwa mpaka kimebaki kijingozi kinachopitisha mwanga. Akilifungua polepole atamkuta mhusika mwenyewe: kiwavi wa kijani-njano, mwenye urefu wa sentimeta mbili hivi, anayejirusharusha kinyumenyume akitafuta pa kuponea. Huyo ndiye mkunja majani. Ni vigumu kutaja mdudu mwingine wa mpunga anayejitangaza kiasi hicho, na kujitangaza huko ndiko kumemponza. Hoja ya makala haya ni kwamba kiwavi huyu amehukumiwa kwa alama anazoacha kwenye jani, wala hakuna aliyepima kwanza anachopunguza kwenye gunia. Na kwamba dawa inayopulizwa kwa ajili yake katika wiki za mwanzo za mpunga, mara nyingi, hailipi. Zaidi ya hapo, kuna ushahidi wa kutosha kwamba dawa hiyo huzaa hasara ambayo kiwavi peke yake asingeweza kuileta.

Wakunja majani ni ukoo mpana. Familia ya nondo iitwayo Tortricidae pekee ina spishi zaidi ya 10,000, na wengi wa viwavi wake huishi ndani ya majani waliyoyakunja, waliyoyasokota au kuyagandanisha. Familia jirani nazo zina mafundi wa kazi hiyo hiyo. Mkunja majani wa mpunga wa Asia anaitwa kitaalamu Cnaphalocrocis medinalis. Jamaa yake wa Afrika, Marasmia trapezalis, hula mpunga, mahindi na mtama. Wakulima wa pamba na bamia wa Tanzania na Kenya wanamjua mwingine, Haritalodes derogata, anayesokota jani zima likawa bomba, akajaza kinyesi chake cheusi ndani. Nitakaa zaidi na yule wa mpunga, kwa sababu ndiye aliyechunguzwa kwa kina kuliko wote katika swali linalotuhusu: je, uharibifu unaoonekana kwa macho ndio huo huo unaoonekana kwenye mavuno?

Ufundi wake unastahili kutazamwa kwa karibu, maana humo ndimo lilimo jibu la kwa nini dawa haimpati vizuri. Nondo jike hutaga mayai madogo bapa, moja moja au machache yaliyopangana, sambamba na mshipa mkuu wa jani. Yanaanguliwa baada ya siku chache. Kiwavi mchanga hujificha kwanza kwenye jani changa la katikati ambalo bado halijakunjuka. Akipata nguvu kidogo anahamia jani lililokomaa na kuanza kushona. Hana msuli wa kulikunja jani kwa kulisukuma. Anachofanya ni kutoa uzi wa hariri mdomoni, kuubandika kwenye ukingo mmoja, kuuvuta hadi ukingo wa pili na kuubandika huko, kisha kurudi alikotoka na kurudia tena na tena. Uzi uliovutwa ukiwa na unyevu hujikunyata. Uzi mmoja haufanyi lolote, lakini zikijipanga nyuzi nyingi, kila moja ikivuta kidogo, kingo za jani husogeleana mpaka zikakutana. Akishamaliza ujenzi anakwangua nyama ya kijani kutoka ndani na kuliacha ganda la nje. Jani likiisha chakula anahama na kukunja jingine, ndiyo maana kiwavi mmoja huacha majani kadhaa yakiwa meupe kabla hajageuka pupa. Kutoka yai hadi nondo ni kama mwezi mmoja tu.

Kukunja jani ni kujificha, na anayejificha ana maadui. Katika jaruba lisilopuliziwa dawa, nyenje hula mayai yake, buibui huwakamata nondo na viwavi wanaohama, kereng'ende huwadaka nondo hewani, na mbawakawa wembamba wa jenasi Ophionea hujipenyeza ndani ya mkunjo wenyewe na kumla kiwavi humo humo. Wapo pia nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya mayai au ndani ya mwili wa kiwavi. Mmoja wao, Copidosomopsis nacoleiae, hutaga ndani ya yai la mkunja majani, na yai lake hujigawa likatoa nyigu wengi wanaokulia ndani ya kiwavi mmoja. Katika familia ya Tortricidae wapo viwavi wengi ambao mwishoni mwa mwili wana kijiuma kidogo cha kurushia kinyesi mbali, na tabia ya viwavi wa aina hii kutupa kinyesi mbali na makazi yao inahusishwa na nyigu wanaoweza kuwawinda kwa kufuata harufu yake. Kiwavi asiyekuwa na wasiwasi asingehitaji silaha ya namna hiyo. Kwa ufupi, wengi wa wakunja majani hufa wachanga, na wanakufa bila msaada wetu.

Sasa tuugeukie mmea. Mpunga mchanga hufanya jambo ambalo jicho halilipimi: huchipua kupita mahitaji. Kutoka shina moja hutokeza machipukizi mengi, na sehemu yake hayatatoa suke kamwe, yatafifia yenyewe kwa kukosa nafasi na mwanga. Majani ya chini ya wiki za mwanzo yatafunikwa na ya juu na kunyauka yakiwa yamemaliza kazi. Kinachojaza punje ni chakula kinachotengenezwa baadaye, hasa na majani matatu ya juu, likiwamo lile la mwisho linalosimama chini ya suke. Kiwavi anayekwangua jani katika wiki ya nne, kwa hiyo, anakula kitu ambacho mmea una muda wa kukifidia. Mwanga ambao jani jeupe haliutumii hulifikia jani la chini yake, na chipukizi jipya huchukua nafasi. Mashamba ya majaribio yaliyokatwa majani kwa mkasi makusudi, kuiga kazi ya mdudu, yameonyesha mara kwa mara kwamba mpunga mchanga hustahimili kupoteza sehemu kubwa ya majani bila mavuno kutetereka, ilimradi una maji na rutuba. Mkulima anayeona weupe hana namna ya kuuona ufidiaji huo, maana unatokea taratibu, katika majani mengine, wiki baada ya yeye kushika bomba.

Aliyelibeba swali hili kutoka maabara hadi majarubani ni mtaalamu wa wadudu K. L. Heong wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga yenye makao makuu Los Baños, Ufilipino. Alishirikiana na Monina Escalada, mwanasayansi wa mawasiliano kutoka kisiwa cha Leyte. Wawili hawa waligundua kwamba dawa nyingi walizopuliza wakulima wa mpunga zilipulizwa mapema msimu, zikiwalenga wadudu walao majani, na aliyeongoza orodha ya watuhumiwa alikuwa mkunja majani. Mkulima alipoulizwa angepoteza kiasi gani asipopuliza, alitaja hasara kubwa kupita chochote kilichowahi kupimwa. Badala ya kumhubiria, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimwomba ajaribu: atenge kipande cha shamba lake, asikipulizie dawa katika siku 30 za mwanzo baada ya kupandikiza, kisha alinganishe mavuno na sehemu nyingine. Wakulima wa Leyte walipopima wenyewe hawakuona tofauti ya maana, isipokuwa ile ya mfukoni, kwa sababu dawa ambayo haikununuliwa ni fedha iliyobaki nyumbani.

Jaribio kubwa lilifuata mwaka 1994 katika mkoa wa Long An, kwenye delta ya mto Mekong, Vietnam, ambako mbegu humwagwa moja kwa moja shambani, na kanuni ikasomeka siku 40 tangu kumwaga mbegu. Walitumia vipeperushi, mabango na michezo mifupi ya redio ya kuchekesha, iliyochezwa na waigizaji kwa lugha ya mtaani kwao. Ujumbe ulikuwa mmoja tu, na uliambatana na mwaliko wa kujaribu kabla ya kuamini. Kwa kipindi cha karibu miaka miwili na nusu, idadi ya mara ambazo mkulima alipuliza dawa kwa msimu ilishuka kutoka wastani wa 3.4 hadi 1.6. Mavuno hayakuporomoka. Kampeni ikasambaa mikoa mingine, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya Vietnam ikaichukua na kuipanua katika mpango wa kupunguza mambo matatu: mbegu, mbolea na dawa. Ninaupa uzito mfano huu kuliko majaribio ya vituo vya utafiti kwa sababu moja. Waliopima walikuwa watu ambao njaa ingeingia nyumbani kwao kama kanuni ingekuwa ya uongo.

Kuna sehemu ya ushahidi ambayo haihitaji hata takwimu. Dawa nyingi za bei nafuu huua kwa kugusa. Sasa fikiria vitone vinavyotua shambani: mkunja majani amelala ndani ya bomba alilolishona, jani limemzunguka pande zote, ilhali buibui anatembea juu ya jani, nyenje yuko wazi, nyigu anarukaruka kutoka shina hadi shina. Ni sawa na kumimina risasi usiku nje ya nyumba aliyojifungia mwizi, huku walinzi wakiwa wamesimama uani. Na mara nyingi hata mwizi hayumo tena. Weupe hujitokeza baada ya kazi kufanyika. Mkulima anapoushtukia, kiwavi aliyeufanya huenda ameshakuwa pupa, au ameshatoka akiwa nondo. Dawa inaadhibu jani tupu. Siku chache baadaye machipukizi mapya ya kijani yanaufunika ule weupe, na mkulima, kwa haki kabisa kutokana na alichokiona, anaisifu dawa. Hivyo ndivyo imani inavyojengeka: mmea umefanya kazi, chupa imepata sifa.

Hasara ya kweli huja baadaye, kwa mlango mwingine. Mpunga wa Asia una mdudu mdogo wa kahawia, Nilaparvata lugens, anayefyonza utomvu wa mashina. Kwa kawaida buibui na wenzao humbana asiongezeke. Mayai yake huyachomeka ndani ya tishu ya shina, mahali dawa haifiki. Dawa ya mapema ikishawafyeka walinzi, yeye anaanguliwa katika shamba lisilo na adui, na vizazi viwili vitatu vinatosha kulikausha jaruba zima. Mtaalamu wa wadudu Peter Kenmore alilionyesha hilo Ufilipino katika utafiti wake aliouwasilisha mwaka 1980: kadiri dawa ilivyopulizwa, ndivyo mdudu huyo alivyofurika. Indonesia ililipia somo hilo kwa milipuko mikubwa ya miaka ya 1970 na 1980, wakati serikali yenyewe ilikuwa ikibeba sehemu kubwa ya bei ya dawa. Mwezi Novemba 1986 Rais Suharto akatoa amri namba 3 ya mwaka huo, iliyopiga marufuku chapa 57 za dawa kwenye mpunga, na ndani ya miaka michache ruzuku ya dawa ikafutwa. Waliotabiri baa la njaa walikosea. Uzalishaji wa mpunga wa Indonesia uliendelea kupanda huku matumizi ya dawa yakishuka.

Kwenye chai kuna kisa ambacho kwangu mimi kinasema zaidi, kwa sababu kinamhusu mkunja majani wa ukoo halisi wa Tortricidae na kimekamilika pande zote mbili. Homona coffearia huunganisha majani ya chai mawili au zaidi kwa hariri na kukaa katikati yake, akiharibu yale yale majani mawili na chipukizi ambayo mchumaji anayatafuta. Katika Ceylon, Sri Lanka ya leo, alikuwa tishio la mashamba makubwa mpaka miaka ya 1935 na 1936, pale nyigu mdogo Macrocentrus homonae alipoletwa kutoka Java na kuachiwa mashambani. Nyigu akajitegemea, na kwa takriban miaka ishirini mkunja majani akawa mdudu wa kawaida asiyesumbua mtu. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, mashamba yakaanza kupuliziwa dieldrin ili kumuua mdudu mwingine kabisa, mbawakawa anayetoboa matawi ya mchai. Dawa ilimpata mbawakawa, ikampata na nyigu. Mkunja majani akarudi kwa kishindo katika mashamba yaliyokuwa yamemsahau. Hakuna aliyekusudia kumrudisha. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza ni nani mwingine anayekaa kwenye miti hiyo kabla haijapuliziwa.

Pingamizi la kwanza, na la haki, hutoka kwa mkulima mdogo. Atasema: wataalamu wanaweza kusubiri, wao wana mshahara, mimi nina ekari moja na ada za shule, na dawa ni kinga. Hata methali inamtetea: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu kiwavijeshi vamizi alipoingia Afrika mwaka 2016 na kufika Kenya na Tanzania mwaka uliofuata, kila kiwavi shambani anaonekana ndugu yake. Nakubali kwamba hofu ile ilikuwa na msingi. Kiwavijeshi hujichimbia kwenye moyo wa muhindi na kuula mmea mahali unapokulia. Mkunja majani hula majani yaliyokwisha kutoka, moyo wa mmea akiuacha. Kuwatibu wawili hawa kwa chupa moja ni kutibu kikohozi na mguu uliovunjika kwa kidonge kimoja kwa kuwa vyote vinauma. Ama kuhusu kinga, kinga yenye maana ni ile inayopunguza uwezekano wa hasara kubwa. Dawa ya mapema kwenye mpunga huuongeza. Mkulima wa Mekong aliyepuliza ili alale usingizi alikuwa akiifungua njia ya yule mfyonzaji wa kahawia, na bima ya namna hiyo haifai kwa tajiri, sembuse kwa mwenye ekari moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Asia si Afrika. Mpunga wa Mbarali, Kilombero au Mwea una maradhi ambayo Vietnam haiyajui. Ugonjwa wa virusi unaoupaka mpunga madoa ya njano uliripotiwa kwa mara ya kwanza duniani karibu na Kisumu, mwaka 1966, na miongoni mwa wanaoueneza ni mbawakawa walao majani. Je, dawa ya mapema haiwezi kutetewa kwa ajili yao? Ingeweza, kama ingekuwa ndiyo njia inayofanya kazi. Lakini virusi hivyo huenea pia kwa mikono, mapanga, mabaki ya mashina na miche iliyoambukizwa kitaluni, na nguzo za kupambana navyo zimekuwa mbegu zinazostahimili, usafi wa kitalu, na kung'oa mimea iliyougua. Na mtu anayepuliza kwa ajili ya mbawakawa aseme hivyo. Asitumie weupe wa mkunja majani kama kisingizio. Ninachokubali bila ubishi katika pingamizi hili ni kwamba uwezo wa mmea kufidia unategemea hali yake. Mpunga wa bondeni unaotegemea mvua, uliosimama kwenye udongo mkavu na uliochipua mashina machache, una akiba ndogo kuliko ule wa skimu ya umwagiliaji. Kanuni ya siku 40 isinakiliwe tu kutoka Long An na kubandikwa ukutani. Ipimwe hapa, kwa namna ile ile ilivyopimwa kule.

Wako pia watakaosema kwamba ninamchagua mkunja majani mpole nimtetee ukoo mzima. Ni kweli ukoo huu una wauaji. Katika misitu ya Kanada, kiwavi wa Tortricidae aitwaye Choristoneura fumiferana hurudi kwa mafuriko kila baada ya miongo kadhaa, akila matumba na majani mapya ya miti ya jamii ya msonobari mwaka baada ya mwaka mpaka miti inakufa ikiwa imesimama. Pale hakuna ufidiaji wa kuzungumzia. Hata hivyo, historia ya kumpiga vita haimtetei mpuliza dawa. Jimbo la New Brunswick lilianza kummwagia DDT kwa ndege mwaka 1952. Mwaka 1954 dawa hiyo iliua samaki wachanga aina ya salmoni katika mto Miramichi, mkasa ambao Rachel Carson aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1962, Silent Spring. Viwavi hawakuisha. Kilichobadilika katika miongo iliyofuata ni aina ya silaha, kutoka DDT hadi dawa za bakteria wanaoathiri viwavi na kuwaacha samaki.

Na Afrika yetu ina mmoja ambaye sheria ya soko imemfanya asivumilike hata kidogo. Thaumatotibia leucotreta, ambaye wauza maua humwita kwa herufi tatu tu, FCM, ni nondo wa Tortricidae mwenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Kiwavi wake hakunji majani. Huingia ndani ya chungwa, pilipili hoho au tumba la waridi. Umoja wa Ulaya ulimweka mwaka 2019 katika orodha ya visumbufu 20 vya kupewa kipaumbele, na tangu 2025 masharti juu ya waridi zinazoingia huko yamekazwa. Kwa mkulima wa Naivasha, kiwavi mmoja katika boksi moja anaweza kukwamisha shehena nzima, hata kama maua mengine yote ni mazima. Hapa hoja yangu ya ufidiaji haina pa kusimama, na sidai kuwa inapo. Lakini angalia wanaofanikiwa wanatumia nini: mitego yenye harufu ya jike, kuokota na kuteketeza maua yaliyoathirika, nyavu kwenye madirisha ya banda, virusi vinavyomwua yeye tu, na kwenye machungwa ya Afrika Kusini, kuachia nondo waliofanywa tasa kwa mionzi, njia ile ile iliyowamaliza mbung'o wa Unguja katika miaka ya 1990. Kiwavi aliye ndani ya tumba ni mgumu kumfikia kwa bomba kuliko yule aliye ndani ya mkunjo.

Nirudi jarubani, maana kuna wakati mmoja ambapo mkunja majani wa mpunga anastahili kuogopwa: pale mpunga unapobeba mimba na kuchanua. Majani ya juu yakikunjwa kwa wingi wakati huo, hakuna jani jipya litakalokuja kuyafidia, na punje zitabaki mapepe. Mkulima akague shamba lake hapo kwa makini kuliko wakati mwingine wowote. Akikuta hali mbaya, ajiulize kwanza alimwaga urea kiasi gani, kwa sababu mpunga uliolishwa nitrojeni kupita kiasi huwa laini na wa kijani kibichi, nao huwavuta na kuwastawisha wakunja majani. Mara nyingi mfuko wa mbolea uliozidi ndio uliomwalika mgeni ambaye chupa ya dawa inatumwa kumfukuza. Na akikuta viwavi wengi wakati huo huku buibui hawapo, ajiulize nani aliwaua wiki sita zilizopita.

Vietnam yenyewe haikubaki kuwa mfano safi. Mwaka 2006 delta ya Mekong ilivamiwa upya na yule mfyonzaji wa kahawia, safari hii akiwa amebeba virusi vya kudumaza mpunga, baada ya matumizi ya dawa kupanda tena. Heong amekuwa akieleza kwa miaka mingi kwamba kiini chake ni biashara: dawa huuzwa kama sabuni au soda, kwa matangazo na zawadi, na muuzaji ndiye daktari. Hilo halihitaji kutafsiriwa kwa msomaji wa Morogoro au Kirinyaga. Mwenye duka la pembejeo hana nia mbaya. Ila mtu anayekula kwa kuuza chupa hawezi kuwa ndiye pekee wa kumshauri mkulima kama chupa inahitajika. Kampeni ya redio ya miaka miwili haiwezi kushindana na tangazo la kila siku endapo maafisa ugani watanyamaza baada ya mradi kufungwa. Elimu ya aina hii huchakaa, na lazima irudiwe kila msimu.

Vyombo vya kuirudia tunavyo. Shamba darasa, mfumo uliozaliwa katika mpunga wa Indonesia mwaka 1989 na kuletwa Kenya, Tanzania na Uganda katika muongo uliofuata, ulibuniwa kwa kazi hii hasa: wakulima kukaa kando ya jaruba, kuhesabu buibui na viwavi, na kuamua wenyewe. Redio zetu za jamii zina watunzi wa michezo ambao wangeweza kumfanya mkunja majani kuwa mhusika wa kuchekesha kuliko ilivyowezekana Long An. Wizara za kilimo zisisubiri mlipuko ndipo zipime. Na wewe mwenye jaruba, huhitaji kumngoja mtu. Msimu ujao, pigia mambo kona moja ya shamba. Kona hiyo usiipulizie dawa ya viwavi katika siku 40 za mwanzo, hata ikiwa nyeupe namna gani. Palilia na mwagilia sawa na kwingine. Ukivuna, pima kila upande peke yake, kisha toa bei ya dawa.